Kilo 40 za nchi kavu: uchambuzi wa kisa cha uzito wa kuvuta

Kisa hiki kinahusu jiwe la zege lililomiminwa katika karakana moja ya Kamukunji, jijini Nairobi, likasafirishwa usiku kucha kwa basi hadi Kilifi, na asubuhi moja ya msimu wa kaskazi likashindwa kumpandisha mzamiaji kutoka kina cha mita 25 kwa kasi tuliyoitarajia. Mzamiaji huyo yu hai na bado anazamia. Hata hivyo alifika juu akiwa amezirai, na sekunde alizokaa chini zaidi ya ilivyopasa zilipotea kwa sababu ya hesabu yangu. Mimi hufundisha ufundi wa mitambo hapa Nairobi. Mchoro wa kifaa ulikuwa wangu, vipimo vilikuwa vyangu, na kosa la msingi halikuhitaji utaalamu wowote wa bahari ili kuonekana. Naandika jambo zima, pamoja na hesabu zake, kwa ajili ya yeyote anayefikiria kujenga kifaa cha aina hii kwa vyuma vya gengeni na kamba za dukani.

Mzamiaji wa pumzi moja hashuki na mtungi wa hewa. Huvuta pumzi juu ya maji, hushuka akiifuata kamba iliyonyooshwa na uzito ulioning'inizwa chini ya boti, hugusa alama ya mwisho, kisha hupanda. Mkononi au kiunoni hujifunga kamba fupi ya kama mita 1 yenye karabina, yaani pete ya chuma yenye kilango, inayoteleza juu ya kamba kuu, ili mkondo usimchukue na ili kamba kuu ikivutwa naye avutwe pamoja nayo. Bila kamba hiyo fupi hakuna kifaa cha uokoaji kinachoweza kumfikia. Natalia Molchanova, Mrusi aliyekuwa na rekodi nyingi za dunia katika mchezo huu, alipotea karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, tarehe 2 Agosti 2015 akizamia bila kufungwa kwenye kamba, na mwili wake haukupatikana.

Uzito wa kuvuta, kama tulivyouita katika kikundi chetu, ni nyongeza juu ya mpango huo. Kamba kuu hupitishwa juu ya kapi lililofungwa botini. Upande mmoja wa kapi kamba hushuka hadi kwenye uzito wa chini. Upande wa pili hufungwa uzito mkubwa zaidi, ambao hushikiliwa na kifyatuo. Kifyatuo kikiachiliwa, uzito mkubwa huanguka, kamba hukimbia juu ya kapi, na uzito wa chini hupanda ukimleta mzamiaji. Hakuna injini wala umeme. Ni jambo analolijua kila aliyewahi kuona ndoo mbili za kisima, moja ikishuka na nyingine ikipanda. AIDA, shirika la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1992, hutumia mfumo wa namna hii katika mashindano ya kina, na mafundi wake hutumia vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na boti ya faiba ya kuazima yenye upana wa mita 1.8, fedha kidogo, na imani kubwa katika mikono ya mafundi wa jua kali. Imani hiyo ya mwisho sijaipoteza, na itaonekana kwa nini.

Inafaa kueleza kwa nini mzamiaji aliyeishiwa nguvu chini haelei mwenyewe. Juu ya maji kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni bar 1. Kwa kila mita 10 za kushuka huongezeka 1 nyingine. Pafu lenye lita 6 juu huwa na lita 3 kwenye mita 10, na kwenye mita 25, ambako kanieneo ni 3.5, hubaki na lita 1.7 tu. Mwili unaoelea juu huwa sawa na maji mahali fulani njiani, kisha huanza kuzama wenyewe. Mwenzetu alikuwa amejipima akae sawa na maji kwenye mita 10. Kwa hiyo kwenye mita 25, ukijumlisha pafu lililobanwa na suti ya mpira iliyobanwa, alikuwa na uzito wa kama kilo 2 za kuzama. Kilo 2 si nyingi kwa mtu mwenye fahamu na mapezi miguuni. Kwa aliyezirai zinatosha kumbakiza huko huko.

Kikundi chetu kina watu sita. Siku za kawaida tunafanya mazoezi bwawani hapa jijini, na kila baada ya miezi miwili au mitatu tunateremka Kilifi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kiasi kwamba pafu lililojaa lina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, likilinganishwa na pafu hilo hilo likijazwa pwani. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezoea bwawa la Nairobi akifika Kilifi hujikuta anakaa chini ya maji kwa raha kuliko alivyotazamia. Raha hiyo ilitusogeza kutoka mita 18 hadi mita 25 ndani ya safari mbili. Naitaja kwa sababu uamuzi wa kujenga kifaa ulitokana na kina kipya: kwenye mita 18 msindikizaji wetu, yaani mzamiaji anayemlinda mwenzake, angeweza kumfuata mtu hadi chini, lakini kwenye mita 25 hakuna miongoni mwetu ambaye angeweza kushuka mara ya pili, akiwa ameshachoka, na kurudi na mtu mkononi.

Nilimpelekea mchoro fundi mmoja wa Kamukunji ambaye amenitengenezea vifaa vya kufundishia kwa miaka mingi. Uzito wa chini ulikuwa kipande cha shafti ya chuma cha kilo 20, ambacho nilikuwa nacho tayari. Kwa uzito wa kuvuta nilitaka kilo 40. Madini ya risasi yangefaa kuliko vyote, lakini nilikataa katakata kuyeyusha betri kuukuu katika mtaa wenye watoto. Anayekumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza sumu ya risasi kwa wakazi hata mahakama ikawapa fidia mwaka 2020, ataelewa. Chuma cha kilo 40 kilikuwa na bei yake siku hiyo, nami nilikuwa nimeshatumia nusu ya fedha za kikundi kwa kamba. Fundi akasema, “Mwalimu, kilo ni kilo. Nikumwagie zege kwenye kipande cha bomba, niweke nondo katikati na kitanzi juu, utalipa pesa ya saruji tu.” Nilikubali. Nanukuu maneno yake kwa sababu yalikuwa sahihi kabisa pale tulipokuwa tumesimama, na mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba hatungetumia jiwe lile pale tulipokuwa tumesimama.

Jiwe lilipokauka lilipimwa kwenye mizani ya kuning'iniza: kilo 40, na mshale ulipita kidogo. Kapi lilikuwa la wajenzi, lile la kupandishia ndoo za mchanga ghorofani. Kifyatuo alikibuni fundi mwenyewe kutoka kwenye kufuli ya lango, na ni kifyatuo kizuri ambacho tunakitumia mpaka leo.

Tulilifanyia jaribio katika jengo lisilokamilika la ndugu wa mmoja wetu, kwenye tundu la lifti, mita 12 kutoka juu hadi chini. Upande mmoja tulifunga chuma cha kilo 20 pamoja na gunia la mchanga la kilo 10 badala ya mzamiaji. Upande wa pili jiwe. Nilifyatua, chuma na gunia vikapanda mita 12 kwa sekunde 5 hivi. Tulirudia mara sita na matokeo hayakubadilika. Nilifurahi hasa kwa sababu nilidhani nimejiwekea akiba: mzamiaji angekuwa na kilo 2 tu za kuzama, nasi tulikuwa tumembebesha 10. Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Nilikuwa nimejiuliza mtu atakuwa na uzito gani akiwa ndani ya maji, nikatafuta jibu kwa uangalifu, nikaliandika. Sikujiuliza swali hilo hilo kuhusu jiwe.

Asubuhi ya tukio bahari ilikuwa shwari, upepo wa kaskazi ukiwa hafifu, na maji yalionekana wazi kwa kama mita 12. Tulifunga boti nje ya mwamba, mahali ambapo bildi ya nahodha, ile timazi ya kupimia kina, ilisoma mita 38. Kapi lilikuwa kwenye bomba lililotokeza nje ya ukingo wa boti, na jiwe lilining'inia karibu na kapi hilo, juu ya maji, kama mita 1.2 tu kutoka kwenye kamba ya mzamiaji. Nahodha, mzee ambaye amevua samaki katika maji hayo tangu ujana, alilitazama akasema, “Mwanangu, jiwe hili likianguka litapita wapi?” Nilimjibu kwamba litashuka wima. Swali lake nitalirudia.

Mzamiaji alikuwa ameshafanya mizamo miwili ya kupasha mwili. Mzamo wa tatu ulikuwa wa mita 25, ambao kwa kawaida humchukua dakika 1 na sekunde 5. Msindikizaji aliondoka juu sekunde ya 30 na kufika mita 15 kabla ya sekunde ya 45, ambapo alipaswa kukutana naye akipanda. Hakumwona. Alisubiri sekunde chache, akapanda, akatoa kichwa kwenye dakika 1 na sekunde 5 akipiga kelele kwamba hajamwona. Nilifyatua. Saa ya mkononi ya mzamiaji, ambayo huandika kina kila mara, inaonyesha kwamba alianza kuondoka kwenye mita 25 katika dakika 1 na sekunde 11.

Mita ya kwanza ilienda kwa mshindo. Jiwe lilipoingia majini, kamba ilipunguza mwendo kana kwamba kuna mtu ameikamata. Haikusimama, ilitembea polepole, na kila mmoja botini aliona kwamba haikuwa kasi ya jengoni. Saa inaonyesha kwamba baada ya sekunde 20 mzamiaji alikuwa amepanda mita 8 tu, yaani mita 0.4 kwa sekunde, ilhali mzamiaji wa kawaida hupanda kwa mita 1 kwa sekunde kwa miguu yake mwenyewe. Hapo nahodha aliikamata kamba bila kuambiwa, mwenzetu mwingine akamfuata, wakaivuta kwa mikono. Msindikizaji aliyekuwa amepata pumzi alishuka tena, akakutana na mzamiaji kwenye mita 9 au 8 akiwa bado na fahamu, na akamwona akilegea mbele ya macho yake. Alimziba mdomo kwa kiganja na kumsukuma. Walitoka majini dakika 1 na sekunde 56 tangu mzamo uanze.

Tulifanya tulichofundishwa. Uso ukatolewa majini, miwani ikaondolewa, msindikizaji akampuliza machoni, akampigapiga shavuni na kumwambia kwa jina lake apumue. Midomo ilikuwa ya samawati. Alivuta pumzi baada ya sekunde 6 au 7. Asingevuta tungempa pumzi mbili mdomoni mara moja. Alipelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, akaangaliwa mapafu, akaruhusiwa jioni.

Maelezo yake yalitupa nusu ya jibu. Hakuwa amezirai chini. Alipofika kwenye alama, karabina yake ilikuwa imeteleza hadi kwenye kizuizi cha mbao tulichokifunga juu ya uzito wa chini, ikajipachika katika pengo kati ya mbao na kamba. Alihangaika kuichomoa, akashindwa, akakumbuka maagizo kwamba asipoweza kujifungua kwa haraka atulie na kungoja kuvutwa. Aliposikia kamba inasogea alishukuru Mungu, kisha akaanza kuhesabu, na katika kuhesabu akatambua kwamba hawezi kufika. Ninaposoma maelezo hayo nashindwa kuyapita haraka. Mtu alitulia kwa sababu tulimwambia kifaa kitakuja kumchukua.

Kwamba alizirai karibu na juu na si chini ni jambo la kawaida. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo hupungua, na pamoja nayo ule msukumo unaoisukuma oksijeni kutoka pafuni kwenda kwenye damu. Mita 10 za mwisho ndizo zenye hatari kubwa, kwa hiyo kifaa kinachoanza kwa nguvu na kuchoka katikati kinachelewesha mahali pabaya kuliko pote.

Jumanne iliyofuata nililibeba jiwe hadi Kamukunji. Sikueleza chochote. Fundi alikuwa na pipa la lita 200 analotumia kuzimia vyuma. Nilimwomba alijaze maji, tukaifunga ile mizani ya kuning'iniza kwenye boriti ya kibanda, tukalitundika jiwe. Kilo 40. Tukaliteremsha taratibu ndani ya pipa mpaka maji yakalifunika. Mshale ulirudi hadi kilo 23. Fundi alilitoa, akalifuta kwa kitambaa, akaliteremsha tena, akasoma tena. Kisha akatafuta kiti akaketi.

Hesabu ni hii. Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kilo 40 zake hujaza nafasi ya lita 16.7. Kitu kilichozamishwa hupoteza uzito sawa na ule wa maji kilichoyasukuma, kanuni ambayo Archimedes aliieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, na lita 16.7 zina kilo 17.1. Jiwe letu baharini lilikuwa na kilo 22.9. Uzito wa chini, kwa kuwa ni chuma chenye kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, ulipoteza kilo 2.6 tu, ukabaki na 17.4. Ongeza kilo 2 za mzamiaji: 19.4. Kisha kuna kapi. Nilipolipima baadaye, niliona kwamba kunyanyua kilo 20 upande mmoja kunahitaji kilo 22 upande wa pili, kwa maana ekseli yake ilikuwa kavu na kamba ilisugua kuta za gurudumu. Nyongeza hiyo ya moja ya kumi iliipandisha 19.4 hadi 21.3. Kilichobaki cha kumvuta mtu, uzito wa chini na kamba yote dhidi ya ukinzani wa maji kilikuwa kilo 1.6. Kilo 40 kwa 20 zilizotuvutia kwenye karatasi zilikuwa, mahali pa kazi, kilo 22.9 kwa 21.3.

Mshindo wa mwanzo nao una maelezo yake hapo. Jiwe lilikuwa linaning'inia hewani, kwa hiyo kwa muda ule mfupi kabla ya kuzama lilikuwa na kilo zake zote 40. Ndiyo maana kamba iliruka, na ndiyo maana ikalegea. Jaribio la kwenye tundu la lifti lilipima muda ule mfupi, likaurefusha hadi mita 12, na kunipa matokeo sita yanayofanana ambayo hayakuhusu bahari hata kidogo. Pipa la maji lilikuwa mita tatu kutoka mahali ambapo jiwe lilimiminwa.

Nilipokuwa nikitafakari jambo hili nilirudia mara nyingi kifo cha Audrey Mestre, Mfaransa aliyekufa tarehe 12 Oktoba 2002 katika Jamhuri ya Dominika alipojaribu kufika mita 171. Yeye alishuka kwa chombo chenye uzito, na alipaswa kupandishwa na puto litakalojazwa hewa kutoka kwenye mtungi mdogo. Mtungi haukuwa na hewa ya kutosha, puto halikumpandisha, na alikaa chini ya maji kwa zaidi ya dakika 8. Kina chake na chetu havilinganishwi. Kinacholinganishwa ni kwamba mtu alikwenda chini akitegemea kifaa cha kumrudisha, na hakuna aliyekuwa amehakiki, katika hali ile ile ya matumizi, kwamba kifaa kina nguvu ya kumrudisha.

Sasa nirudi kwenye swali la nahodha. Jiwe halikushuka wima. Boti ilikuwa inajigeuza taratibu kwa mkondo, na jiwe likayumba likishuka; msindikizaji anasema lilimpita begani kwa umbali wa mkono mmoja alipokuwa anajiandaa kushuka mara ya pili. Lingempiga kichwani tungekuwa na wawili wa kuokoa na hakuna wa kuwaokoa. Kosa hili nalihesabu kuwa sawa na lile la zege, ingawa halikumdhuru mtu, kwa maana mzee alikuwa ameliona kwa macho matupu na mimi nilimjibu kwa neno la kitabuni. Kosa la tatu lilikuwa la mawasiliano: habari kwamba mzamiaji hapandi ililazimika kupanda mita 15 pamoja na msindikizaji ndipo itufikie. Kile kizuizi cha mbao tulikitupa siku hiyo hiyo; mahali pake sasa pana mpira wa tenisi uliotobolewa, ambao karabina hugonga na kurudi.

Kujenga upya kulituchukua miezi mitatu. Uzito wa kuvuta sasa ni vipande viwili vya shafti ya chuma vyenye jumla ya kilo 40, ambavyo majini vina 34.8. Uzito wa chini tuliupunguza kutoka kilo 20 hadi 12, ambazo majini ni 10.4. Nahodha hakufurahishwa na upungufu huo, kwa sababu uzito mdogo huiacha kamba ilale mkondo unapokaza, na yuko sahihi. Tulikubaliana kwamba kamba ikionekana kuinama, hakuna anayezamia. Napendelea siku iliyopotea kuliko uzito wa chini unaokula nguvu ya kumvuta mtu.

Bomba lililotokeza upande mmoja tuliliondoa. Badala yake boriti ya bomba la chuma inalala kukatisha boti na kutokeza sentimita 60 kila upande, ikiwa na kapi kila mwisho. Kamba ya mzamiaji inashuka kulia, uzito wa kuvuta unashuka kushoto, na boti nzima iko katikati yao, mita 3 kutoka kamba hadi kamba. Uzito wa kuvuta huning'inia mita 1 chini ya maji tangu mwanzo, hivyo uzito unaoanza nao ndio unaomaliza nao, kamba hairuki, na boti hailali sana upande mmoja. Makapi yana magurudumu mapana yenye beringi zilizofungwa zisiingiwe na chumvi. Ingawa ni mawili, kwa pamoja hayazidi hasara ya lile moja la wajenzi.

Kuhusu mawasiliano, msindikizaji sasa hushuka na kamba nyembamba kiunoni ambayo ncha yake iko mkononi mwa mtu botini, na mivuto mitatu maana yake ni fyatua. Vilevile tumeweka saa: dakika 1 na sekunde 10 ikifika na mzamiaji wa mita 25 hajaonekana, tunafyatua hata kama hakuna aliyevuta chochote. Kufyatua bure hakuna gharama ila jasho la kuurudisha uzito juu.

Jaribio la pili lilifanyika baharini, bila mtu. Tuliishona suti kuukuu ya mpira, tukaijaza matambara na chupa za mchanga mpaka ikawa na kilo 4 za kuzama, mara mbili ya mzamiaji wetu, tukaifunga karabina na kuipeleka mita 25. Ilipanda kwa sekunde 18, kisha 19, kisha 18 tena. Katika jaribio la nne tulipata jambo ambalo hakuna hesabu iliyotuonya: sanamu ilifika juu kwa kasi na mkono wake uliofungwa karabina ukagonga boriti kwa nguvu ya kuvunja mfupa wa mtu. Tuliweka kizuizi kinachoisimamisha kamba sanamu ikiwa mita 1 chini ya uso wa maji, mahali ambapo msindikizaji anaweza kuipokea. Kina cha mahali hupimwa kwa bildi saa ile ile ya kuzamia, kwa maana wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na uzito wa kuvuta unaogota sakafuni kabla mtu hajafika juu ni sawa na kutokuwa nao.

Mzamiaji wetu aliomba awe wa kwanza kushuka na kifaa kipya. Tulimkatalia kwa safari moja, tukamkubalia iliyofuata, kwa mita 15, na tulimvuta makusudi akiwa na fahamu na pumzi ya kutosha ili aijue kasi yake. Tangu hapo kila anayejiunga nasi huvutwa hivyo kabla ya kuruhusiwa kuzidi mita hizo.

Fundi hakukubali kulipwa kwa kazi ya pili. Aliomba jambo moja tu, nalo alilifanya mwenyewe kwa brashi kabla vyuma havijapakiwa kwenye basi: aliviteremsha kwenye pipa lake mbele yangu, akasoma mizani, akaandika juu ya kila kipande, kwa rangi nyeupe, uzito wake wa nchi kavu na chini yake uzito wake wa majini. Jiwe la zege alilibakiza Kamukunji. Lina namba mbili vilevile, 40 na 23, na liko karibu na pipa.